Jinsi ya kumtafuta amfioksi mchangani na kuusoma mwili wake kwa macho yako

Kama ulisoma baiolojia sekondari basi labda ulishamuona amfioksi, kale kamnyama kadogo ka baharini, kwenye mchoro wa kitabu, mistari ya wino na mishale kibao, ukaukariri kwa ajili ya mtihani ukapita. Mi naona hapo tunapunjwa sana, mana huyu ni mnyama ambaye ukimpata akiwa hai unaweza kuona kupitia ngozi yake ramani ya mwili wa samaki, chura, kuku na wewe mwenyewe, kabla mifupa haijaingia kwenye hadithi. Hana uti wa mgongo wa mfupa, hana taya, hana macho mawili, hana moyo wa kueleweka, na bado mpangilio wa ndani ni ule ule. Kwahiyo hapa naeleza jinsi ya kumtafuta, jinsi ya kumkalisha kwenye maji bila kumuua, na zaidi ya yote vitu gani vya kuangalia na uanze na kipi.

Kwanza jua unamtafuta nani. Amfioksi wengi wana urefu wa sentimita 3 mpaka 6 hivi, mkubwa kidogo kuliko kijiti cha kiberiti, mwembamba, amechongoka pande zote mbili, na anapenyeza mwanga. Duniani wapo aina 30 hivi, zimegawanywa kwenye jenasi tatu: Branchiostoma, Epigonichthys na Asymmetron. Wanaishi bahari za joto na za joto la wastani, na zile jenasi mbili za mwisho zinajulikana vizuri kwenye Bahari ya Hindi, kwahiyo usidhani ni kitu cha maabara za Ulaya tu. Mtu wa kwanza kumuandika kisayansi, Pallas mwaka 1774, alipewa kielelezo kilichotoka Cornwall kule Uingereza akamuweka kwenye kundi la konokono wasio na gamba! Ilibidi ifike 1834 ndipo Costa, pale Napoli, akamuangalia vizuri akaona huyu yuko upande wa samaki.

Sasa mahali pa kumtafuta, na hapa ndipo wengi wanapoteza muda. Usichimbe kwenye tope, usichimbe kwenye majani ya bahari, usichimbe kwenye mchanga laini ule unaoganda mkononi. Amfioksi anataka mchanga wa chembe kubwa, msafi, wenye vipande vya makombe, sehemu ambayo mkondo wa maji unapita vizuri, mana anaishi amejifukia na anakula kwa kuchuja maji, mchanga ukiziba na yeye kaisha. Huko Lagos, Nigeria, mtafiti J. E. Webb alifanya kazi ndefu kwenye wangwa wa Lagos juu ya amfioksi wa pale, na jambo lililojitokeza wazi ni kwamba ukubwa wa chembe za mchanga ndio unaamua wako wapi na hawako wapi. Na mfano wa kusikitisha zaidi uko China, kijiji cha Liuwudian karibu na Xiamen, wavuvi walikuwa wanamvua amfioksi kama dagaa, kwa matani, wanamkausha wanauza, mpaka mwanabiolojia S. F. Light akaandika habari zake mwaka 1923. Halafu miaka ya 1950 likajengwa tuta la barabara kuvuka bahari, mkondo ukabadilika, tope likaanza kutuama, na uvuvi ule ukafa. Hakuna aliyewapiga sumu wale wanyama, mchanga wao tu ndio ulibadilika. Kwahiyo ukifika ufukweni chukua mchanga kiganjani, usugue, kama maji yanayochuruzika ni meupe safi endelea, kama yana rangi ya chai ya maziwa sogea mbele.

Siku ya kwenda iwe ya bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, ufuate ule mstari wa chini wa maji kwenye mafungu ya mchanga au mikondo kati ya miamba. Beba koleo dogo, ndoo, beseni jeupe au jeusi (nashauri vyote viwili, nitakwambia kwanini) na chekecheo yenye matundu ya milimita 1 hivi. Kama eneo ni hifadhi ya bahari usichimbe bila kibali, na hata pasipo hifadhi pita kwa watu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) wa pale uwaambie unafanya nini, wao wanajua mafungu ya mchanga kuliko wewe na watakuokolea muda mwingi sana.

Chimba kina cha kiganja kimoja, usiende chini zaidi, mimina mchanga kwenye chekecheo ikiwa imezama nusu ndani ya maji ya bahari kisha tikisa taratibu. Usisukume kwa mkono. Amfioksi akiguswa anaruka kama umeme, anajipinda kushoto kulia haraka, halafu ghafla anaanguka chini ubavu ubavu na kutulia kabisa kama amekufa, na hapo ndipo unampoteza kwasababu hana rangi. Ndio maana nasema beseni jeusi: kwenye jeusi utaona kivuli cheupe cheupe kikimeta. Lile jeupe ni la baadae, la kuangalia viungo. Mchukue na kijiko au bomba la plastiki lenye mdomo mpana, sio kwa vidole na sio kwa kibano, ngozi yake ni tabaka moja tu la seli.

Utakutana na vitu vingi vya kukuchanganya, minyoo, vitoto vya mikunga, visamaki vya mchangani. Kipimo ni rahisi: kina macho mawili? basi sio. Kina mapezi ya pembeni, au taya linafunguka? sio. Kinarefuka na kufupika kama mnyoo? sio. Amfioksi harefuki wala hafupiki, na ubavuni ana mistari ya herufi V iliyolala, imejipanga kutoka kichwani mpaka mkiani.

Mtie kwenye chombo cha kioo chenye maji yale yale ya bahari na mchanga wake kidogo, kiweke kivulini. Kabla hujamwangalia chochote mwache kwanza ajifukie, usikose hiyo sehemu, anaingia mchangani kwa sekunde chache tu, kwa kichwa na mara nyingine hata kwa mkia, halafu anatoa mdomo juu wenye vindevu vinavyozuia chembe kubwa zisiingie. Baada ya hapo mhamishe kwenye kisahani cha kioo chenye maji kidogo, chini weka kitu cheupe, mwanga utokee chini au ubavuni. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha, ile lenzi ndogo ya kubandika kwenye simu nayo inafanya kazi nzuri tu. Kila dakika kadhaa badilisha maji, yakipata joto atakufa.

Haya, uanze na zile V. Kila V ni pande moja la msuli, na yule wa Ulaya ana kama 60 kila upande. Ukitaka kujua maana yake, siku ukila changu wa kuchemsha angalia nyama inavyoachana mapande mapande kwa mistari iliyopinda, ni kitu kile kile, na wewe pia ulipokuwa kiinitete ulikuwa na mapande hayo mgongoni kabla hayajageuka kuwa misuli na pingili. Kati ya misuli, kuanzia ncha ya mbele kabisa mpaka ncha ya nyuma, utaona ufito unaong'aa. Hiyo ndiyo notokodi. Kwetu sisi inatokea tumboni mwa mama halafu inamezwa na pingili za uti wa mgongo, mabaki yake yapo katikati ya zile sahani laini za mgongoni. Yeye anakaa nayo maisha yote, na imepita mpaka mbele ya kichwa, kitu ambacho hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anacho. Kinachonishangaza mimi mpaka leo ni kwamba notokodi yake ni msuli, seli zake zinajikaza na kulegea, kwahiyo anaweza kuukaza mgongo wake wakati wa kuogelea na kujifukia.

Juu ya notokodi kuna uzi wa neva, na ndani ya uzi huo safu ya vidoti vyeusi. Usidhani ni uchafu. Kila kidoti ni jicho la seli mbili, moja inapokea mwanga na nyingine ina rangi ya kuukinga upande mmoja, yaani mnyama anaona mwanga kwa mgongo mzima! Mbele kabisa kuna doa moja kubwa zaidi, na utafiti wa jeni unaonyesha lile linalingana na macho yetu haya ya kichwani.

Shuka chini ya notokodi, nusu ya mbele ya mwili, utaona kama kikapu cha vijiti vya mshazari. Ni koo lenye matundu mengi ya mashavu. Maji yanaingia mdomoni, yanapita kwenye matundu, yanatokea kwenye kitundu kimoja chini ya tumbo, na chakula kinanaswa kwenye ute. Ute huo unatengenezwa na mfereji ulioko sakafuni mwa koo, na mfereji huo unakusanya madini joto, yaani iodini, ndio ndugu wa tezi yetu ya thairoidi. Ukitaka kuona haya yote yakifanya kazi mwekee maji yenye mwani wa kijani ule mdogo mdogo, baada ya muda utaona utumbo umegeuka kijani, na kifuko kinachochomoza mbele kutoka kwenye utumbo, wanakilinganisha na ini, nacho utakiona vizuri zaidi. Damu usiitafute, haina rangi.

Kama una tochi ya mwanga wa bluu na kichujio cha njano, zima taa umulike. Sehemu ya mdomo itang'aa kijani. Protini ya kung'aa kijani tuliizoea kwa konyeza, wale viwavi wa baharini, ikaja kuonekana kwa amfioksi pia mwaka 2007.

Sasa kuhusu mageuko, naomba sana usirudie ile kauli kwamba amfioksi ni babu yetu. Yuko hai leo, nae amebadilika kwa muda ule ule tuliobadilika sisi. Ni binamu. Tena tafiti za jeni za kuanzia 2006 zinaonyesha walio karibu zaidi na sisi ni tunikata, wale viumbe wa vifuko wanaoganda kwenye nguzo za gati, ukiwaminya wanarusha maji, ingawa wakikua wanapoteza karibu kila kitu cha kufanana na sisi. Amfioksi amejitenga mapema zaidi ila amehifadhi mengi zaidi, na hiyo ndiyo thamani yake. Jenomu, yaani jeni zote kwa pamoja, ya yule amfioksi wa Florida ilipochapishwa 2008 hesabu ikawa wazi: jeni za Hox, zile zinazopanga mwili kutoka mbele kwenda nyuma, yeye anazo 15 kwenye fungu moja, binadamu ana 39 kwenye mafungu manne. Maana yake baada ya kuachana, upande wetu jenomu nzima ilijirudufu mara mbili, na nakala zile za ziada zikapata nafasi ya kufanya kazi mpya. Mwanasayansi wa jeni Susumu Ohno alilisema wazo hilo tangu 1970, kabla ya mtu yeyote kuweza kuzisoma jenomu. Kwenye miamba nako, kisukuku kiitwacho Pikaia, wa miamba ya Burgess Shale, Canada, mwenye miaka milioni 508 hivi, anaonyesha mapande ya misuli ya namna hii hii.

Kumaliza kazi yako ya siku, piga picha za ubavu wa kulia NA wa kushoto, sio mmoja. Akiwa amekomaa utaona safu ya vifuko vya mayai au mbegu chini ya misuli: vikiwa pande zote mbili ni Branchiostoma, vikiwa kulia tu ni Epigonichthys au Asymmetron, na ukiwa na picha ya upande mmoja huwezi kusema chochote. Weka rula kwenye picha, andika tarehe, hali ya maji, kina, na chota mchanga gramu mia mbili hivi kwenye mfuko. Mrudishe mnyama pale pale ulipomtoa, maji yakiwa bado chini. Picha na mchanga wapelekee Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar au KMFRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi) Mombasa, na namba ya GPS uwape wao, usiitupie tu mtandaoni.