Kupoza Raki ya Amplifaya za Gitaa kwa Feni: Somo la Hatua kwa Hatua

Wapiga gitaa wengi wa Nairobi, hasa wanaohudumu makanisani na katika kumbi za usiku, hufunga amplifaya, priampu (kifaa kinachokuza kwanza sauti ndogo ya gitaa) na vifaa vya efekti, yaani vya kubadilisha sauti, ndani ya raki moja, yaani sanduku lenye fremu ya kufungia vifaa, ili kurahisisha usafiri. Vifaa vikishabanwa hivyo, joto hukosa njia ya kutokea. Feni haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kuhamisha hewa. Kwa hiyo, kabla ya kununua feni hata moja, ni lazima ujue hewa itaingilia wapi, itapita juu ya kifaa kipi, na itatokea wapi bila kurudi ndani.

Hatua ya kwanza: tambua joto linatoka wapi. Vali, yaani zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, hazilingani. Vali ya priampu aina ya 12AX7 hutumia chini ya wati 2 kuupasha moto uzi wake. Vali ya nguvu aina ya EL34 hutumia volti 6.3 na ampea 1.5 kwa kazi hiyo hiyo, ambayo ni karibu wati 9.5, hata kabla hujagusa gitaa. Zikiwa nne, hizo ni wati 38, na juu yake kila moja inaruhusiwa kutoa hadi wati 25 nyingine kwenye anodi, yaani bamba la chuma lililo ndani yake. Feni iwekwe kwa ajili ya amplifaya ya nguvu.

Vali zenyewe zimeundwa zivumilie moto. Kinachoumia ni kapasita, yaani vijisehemu vya kuhifadhi chaji ya umeme, zilizo jirani nazo, ambazo kwa kawaida huandikwa nyuzi 85 au 105 ubavuni. Mafundi hukadiria kwamba kila unapopunguza nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka karibu mara mbili, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujisumbua na kazi hii yote.

Hatua ya pili: chora njia ya hewa. Tazama matundu ya kila kifaa. Vingine hutolea joto juu, vingine ubavuni, na vingine vina feni ndani inayovuta kutoka nyuma na kusukuma mbele, au kinyume chake. Feni utakayoongeza iisaidie hiyo ya mtengenezaji, kwa maana feni mbili zinazopigana huacha hewa imesimama katikati. Mpangilio ninaoupendelea ni hewa kuingia chini na kutokea juu, kwa sababu joto hupanda lenyewe. Juu ya amplifaya ya vali acha walau nafasi moja ya raki, ambayo ni inchi 1.75, yenye paneli ya matundu. Mapengo mengine ya mbele yazibwe kwa paneli zisizo na matundu, la sivyo hewa moto iliyotoka nyuma itazunguka na kuingia tena. Watu wengi huipuuza hatua hii, kisha huilaumu feni.

Hatua ya tatu: kadiria ukubwa wa feni. Kule Mombasa, kwenye usawa wa bahari, chukua wati za joto, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi unazokubali hewa ipande. Utapata mita za ujazo kwa saa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano, kwa hiyo zidisha kwa 3.7. Amplifaya inayotoa wati 200 za joto, ukikubali ongezeko la nyuzi 10, itahitaji mita za ujazo 74 kwa saa. Kipimo kilichoandikwa kwenye feni hupatikana pasipo kizuizi chochote mbele yake. Ndani ya raki tarajia nusu yake. Feni mbili za milimita 120 zinazozunguka polepole ni bora kuliko moja ndogo inayopiga kelele.

Hatua ya nne: nunua na uunganishe. Katika maduka ya Luthuli Avenue uliza feni ya volti 12 yenye beringi za gololi, kwa kuwa zile za bushi, zisizo na gololi, huchakaa upesi feni ikilazwa. Ipe adapta yake yenyewe. Usiibe umeme kutoka kwenye kifaa cha efekti. Ukiilisha volti 9 badala ya 12, kelele hupungua sana, ila hakikisha inaanza kuzunguka yenyewe. Adapta ichomekwe kwenye soketi zile zile zinazowashwa pamoja na amplifaya, ili mtu asiisahau. Usiifungue amplifaya kutafuta umeme wa feni: ndani yake mna volti zinazoweza kuzidi 400, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Hatua ya tano: funga na ujaribu. Weka mpira kati ya feni na chuma, na wavu upande wa vidole. Kisha washa kijiti cha udi na ukisogeze kwenye matundu ya kuingilia: moshi uvutwe ndani bila kusita. Uzungushe pia kwenye mapengo ya mbele. Ukiona moshi unatoka pale, bado kuna pa kuziba.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Kawangware na vumbi ni jingi. Niweke chujio?*
Ndiyo, ndugu yangu, lakini feni iwe ya kusukuma hewa ndani kupitia chujio hilo, ili hewa itoke kwenye mapengo madogo badala ya kunyonya vumbi humo. Chujio la sponji huoshwa kwa maji na kukaushwa kabisa. Likiziba, ni afadhali lisingekuwapo.

*Tangu nifunge feni, nasikia mlio mwembamba kwenye spika. Shida ni nini?*
Chomoa feni huku amplifaya ikiwa imewaka. Mlio ukikoma, angalia kwanza kama feni inashiriki adapta na kifaa kingine, kisha zisogeze nyaya zake mbali na waya wa gitaa. Kama ni feni ya umeme wa ukutani, injini yake yaweza kuleta mvumo kwenye priampu. Ibadilishe kwa ya volti 12.

*Ibada ikiisha, nizime vyote mara moja?*
Zima amplifaya, uache feni izunguke dakika kadhaa, kwa sababu transfoma hupoa polepole kuliko vali. Ukiwa na haraka ya kufunga mizigo, mifuniko ya mbele na nyuma irudishwe mwisho kabisa, baada ya kebo na stendi zote kuingia garini.