Jinsi ya kuzuia MERS isisambae
Jamani hiki kirusi cha MERS, kinacholeta ugonjwa mkali wa mapafu, kiligundulika 2012 huko Saudi Arabia na watu wanakipata kwa ngamia, so ukiwashika nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, maziwa yao chemsha kwanza, nyama iive kabisa. Ila pa kukazia zaidi ni hospitali, maana Korea Kusini 2015 mgonjwa mmoja tu katoka safari na walioumwa wakafika 186, wengi waliambukizwa humohumo hospitalini, inauma sana. Kwa hiyo mwenye homa na kikohozi aliyetoka Uarabuni atengwe chap, avae barakoa, wahudumu wavae barakoa, glavu na miwani, na waliokaa naye karibu wafuatiliwe siku 14 hata kama wanajiona wazima. Na ukifika kwa daktari sema mapema ulisafiri wapi, usisubiri uulizwe.