Dume Yupi Apandishwe? Manyoya, Nyonga na Damu ya Mbwa wa Mbegu Safi Mombasa

Mombasa haina mbwa wengi wa mbegu safi. Nyumba nyingi hazifugi mbwa kabisa, na zinazofuga, kuanzia Nyali na Shanzu hadi Miritini, hutaka mlinzi wa geti. Kwa kazi hiyo wengi huulizia German Shepherd, na swali la kwanza la mnunuzi huwa manyoya: marefu au mafupi? Dume mmoja wa manyoya marefu akishapata sifa, kila mwenye jike humkimbilia. Baada ya miaka michache watoto wake wametapakaa mitaani na wanapandishwa wao kwa wao, wenyewe hawajui kwamba ni ndugu.

Manyoya marefu ni sifa inayojificha. Mtoto huyapata akirithi nakala moja ya jeni yake (chembe ya urithi) kwa baba na nyingine kwa mama, ndiyo maana wazazi wawili wa manyoya marefu huzaa watoto wa manyoya marefu watupu. Biashara nzuri, kwa muda. Ila ukiyasaka ndani ya ukoo mmoja, nakala mbilimbili za kasoro zilizojificha hukutana vilevile. Dalili za mwanzo hazifanani na ugonjwa: jike aliyezoea kuzaa wanane anazaa wanne, watoto wawili wanadhoofika na kufa wiki ya kwanza, dume mdogo anabaki na kende moja tumboni. Wengi husingizia minyoo. Ikijirudia, fungua karatasi za ukoo kabla ya kununua dawa nyingine.

Omba karatasi za vizazi 5; za vizazi 3 huficha mengi. Tafuta mbwa anayetokea upande wa baba na upande wa mama pia. Hesabu vizazi kutoka kwa baba hadi kwa huyo mbwa, kisha kutoka kwa mama hadi kwake, jumlisha, ongeza 1. Jibu ndilo idadi ya mara za kugawa 1 kwa 2 ili kupata kiwango cha undugu katika damu ya mtoto. Wazazi waliochangia baba tu: 1 + 1 + 1 = 3, yaani nusu ya nusu ya nusu, asilimia 12.5. Wakichangia baba na mama, utafanya hesabu hiyo mara mbili na kupata 25, sawa na baba kumpanda binti yake. Binamu wa kwanza ni 6.25, na hapo ndipo pa kuweka mpaka. The Kennel Club, chama cha kusajili mbwa cha Uingereza, iliacha mwaka 2009 kusajili watoto wa baba na binti, mama na mwana, au ndugu wa baba na mama mmoja. Kama mbwa hana karatasi na ametoka mtaa mmoja na wako, mhesabu kuwa ndugu mpaka ithibitike vinginevyo.

Nyonga hazipimwi kwa macho. Mbwa wa mwaka mmoja anaweza kukimbia vizuri huku kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake. Kilema hujitokeza akiwa ameshazalisha. Piga eksirei akishatimiza mwaka 1 (cheti cha kudumu cha OFA, shirika la Marekani linalokagua nyonga za mbwa, husubiri miezi 24), akiwa amepewa dawa ya usingizi, amelala chali na miguu ya nyuma imenyooshwa sambamba. Asipolazwa hivyo, picha haisomeki na pesa imepotea. Si kila kliniki ina mashine, kwa hiyo piga simu kwanza. Kwa mizani ya nyonga ya A (bora) hadi E (mbovu kabisa), pandisha A na B. C apewe mwenza wa A tu, tena awe na sababu nyingine nzito. D na E wabaki kulinda geti. Uliza pia nyonga za ndugu zake, maana mbwa mzuri katika uzao wenye nyonga mbovu ni wa kutiliwa shaka.

Ugonjwa wa kupooza miguu ya nyuma uzeeni, unaohusiana na jeni ya SOD1, unataka busara ya aina nyingine. Kipimo ni cha DNA, kwa kukwangua ndani ya shavu. Mwenye nakala mbili zenye kasoro yuko hatarini. Mwenye nakala moja ni mbebaji tu. Wengine humfukuza mbebaji kwenye uzazi, na kwa maoni yetu ni kosa: unatupa pamoja naye damu yote nzuri ya ukoo wake, na hapa damu ni haba. Mpandishe na asiye na nakala yoyote. Hakuna mtoto atakayepata nakala mbili, na katika watoto wasiobeba utachagua wa kuendeleza ukoo.

Hofu kwamba damu ya nje huharibu sura imetiwa chumvi. Dalmatian, mbwa weupe wa madoadoa, wote walikuwa na kasoro inayojaza asidi ya yuriki kwenye mkojo. Mwaka 1973 Robert Schaible wa Marekani alimpandisha Dalmatian na mbwa wa aina nyingine, Pointer, mara moja, kisha wazao wakarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Madoadoa yalirudi, kasoro ikatoka, na mwaka 2011 AKC, chama cha kusajili mbwa cha Marekani, kikakubali kuwasajili.

Kwa Pwani, sura yenyewe ni suala la afya. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na joto lenye unyevu la Januari hadi Machi huidhoofisha njia hiyo. Pug, Bulldog na French Bulldog wa pua iliyobonyea huzidiwa mapema. Kabla ya kumkubali mzazi wa aina hizo, msikilize akiwa ametulia, mkimbize mwendo wa troti dakika 3 asubuhi na mapema, kisha msikilize tena. Anayekoroma akiwa macho asizalishwe, hata awe na kikombe cha maonyesho.

Wiki 3 au 4 kabla ya kupandisha, pima dume na jike bruselosi ya mbwa, inayotoa mimba changa na zilizokomaa na kuweza kumpata binadamu. Mgonjwa aondolewe kwenye uzazi. Dawa mara chache humaliza vijidudu. Kagua sehemu za siri: uvimbe wenye vinundu unaodondosha damu huenda ni saratani inayoambukizwa kwa kujamiiana, na hutibiwa kwa sindano za vinkristini kila wiki. Pima damu pia kwa erlikia, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambayo humwangusha German Shepherd kuliko mbwa wengi.

Dume mpya apewe majike 2 tu, kisha asubiri hadi watoto hao wapigwe eksirei. Weka namba za simu za wanunuzi, uwaulize watoto wakifika miezi 18: nyonga, ngozi, masikio, tabia. Nyonga za D zikitokea kwa majike wote wawili, msimamishe dume huyo na utafute mwingine nje ya kaunti.