Fizikia ya mwaka wa kwanza kwa elimu masafa: ya kuweka sawa kabla hujalipa ada

Dirisha la udahili likifunguliwa tu, simu zinaanza. "Mwalimu, ninunue laptop gani?" Anayeuliza ni mtu mwenye kazi yake na familia yake. Ameamua kusoma digrii ya sayansi akiwa nyumbani, na kwenye orodha ya kozi za mwaka wa kwanza amekuta fizikia. Mimi humjibu kwa swali: mara ya mwisho kuchora vekta, ule mshale wa ukubwa na mwelekeo, ilikuwa lini? Hapo hunyamaza kidogo. Laptop ya mtumba inatosha kabisa, na hiyo ataipata. Hesabu ndizo hazina duka.

Kwa hiyo anza na hesabu, tena kabla ya kujaza fomu. Fizikia ya utangulizi huja kwa sura mbili: inayokwenda kwa aljebra na trigonometria tu, na inayodai kalkulasi, hesabu za mabadiliko. Omba muhtasari wa kozi uusome mstari kwa mstari. Ukikuta difarensiesheni na integresheni, yaani kalkulasi yenyewe, ndani yake, na wewe hukuzisoma kidato cha tano na sita, basi usijidanganye kwamba utazidaka njiani. Kisha jipime. Jiwe limerushwa wima juu kwa mita 20 kwa sekunde. Litafika kimo gani kabla ya kuanza kushuka? Jibu ni kama mita 20.4. Kamba inavuta kreti kwa kani (force, yaani mvuto au msukumo) ya niutoni 50, ikiwa imeinuka digrii 30 kutoka sakafuni. Ni kiasi gani kinachovuta mbele? Ni niutoni 43.3, na 25 zinainua. Ukiyamaliza yote mawili kwa dakika kumi bila kufungua daftari la zamani, lipa ada. Ukihangaika nusu saa, si aibu, ila jipe mwezi na nusu wa mazoezi kabla muhula haujaanza. Darasani mwalimu anakuona umekunja uso, anarudia. Nyumbani hakuna wa kuuona uso wako.

Jambo dogo linaloangusha watu wazima wenye akili zao: kikokotoo. Nunua cha kisayansi mapema, uulize kama aina hiyo inaruhusiwa kwenye mtihani, na ukizoee. Bonyeza sin 30. Kikileta 0.5, kiko kwenye digrii. Kikileta -0.988, kiko kwenye radiani, kizio kingine cha pembe, na kila jibu lenye pembe utakaloandika litakuwa batili hata kama njia yako ni sahihi. Nilipokuwa mwanafunzi nilipoteza zoezi zima la kani kwa kosa hili, nikamlaumu mwandishi wa moduli, kile kitabu cha kozi, siku mbili.

Halafu lugha. Moduli huwa kwa Kiingereza, lakini kichwani tunafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili cha mtaani hakikubaliani na fizikia kila mara. Neno "nguvu" kwetu linabeba mzigo mzito: mtu ana nguvu, umeme una nguvu, injini ina nguvu. Fizikia inayapasua hayo kuwa kani, nishati na nguvu yenyewe, kila kimoja na kizio chake: niutoni, jouli, wati. Sokoni tunasema gunia lina uzito wa kilo 50. Kwenye fizikia kilo 50 ni tungamo (mass), na uzito wake ni kama niutoni 490. Mama aliyebeba ndoo kichwani akatembea kilomita mbili kwenye tambarare kwa mwendo ule ule, fizikia inasema hakuifanyia ndoo ile kazi yoyote katika mwendo huo, kwa sababu kani yake inaelekea juu na ndoo inakwenda mbele. Mwambie hivyo uone atakavyokutazama. Fungua daftari la istilahi, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, na katikati mfano wako mwenyewe. Linasaidia kuliko kamusi, kwa kuwa umelitungia akili yako.

Saa zinapigiwa hesabu hivi. Katika mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kusoma, mazoezi na maabara pamoja. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 8 kwa wiki kwa kozi hiyo moja. Usizihesabu za ndani ya daladala, pale unaweza kusikiliza lakini huwezi kukokotoa, na fizikia isiyokokotolewa haikai. Waambie wa nyumbani siku zako ni zipi, na vikao vya harusi vya muhula huo changia pesa, mwili ubaki mezani.

Kuhusu intaneti sina mengi. Pakua usiku, soma mchana. Video ya saa moja hula mamia ya megabaiti, kitabu kizima hula pungufu ya hapo na hakikatiki umeme ukikatika. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, unatoa bure vitabu vya fizikia vya ngazi hii, cha aljebra na vya kalkulasi pia. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina PhET, majaribio ya kuigiza ya kwenye skrini yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001. Mengi yanaweza kupakuliwa ukayatumia bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Lakini skrini si maabara, na hapa ndipo pa kuuliza kwa ukali. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, wa sayansi walitumiwa visanduku vya majaribio kwa posta, na kiangazi wakaitwa wiki moja maabara. Vyuo vya masafa vya leo navyo vina njia zake, kuanzia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Wewe uliza chuo chako: vitendo vinafanyika wapi, siku ngapi mfululizo, nani analipa nauli na malazi, na aliyekosa anarudia lini. Jibu la "tutawatangazia" lisikutoshe.

Na usiingie maabara mikono ikiwa haijazoea kupima. Funga nati kwenye uzi, itundike kwenye msumari, pima mita 1 kamili kutoka msumarini hadi katikati ya nati kwa tepu ya fundi. Isukume kidogo tu, upime muda kwa simu. Ukipima mbembeo mmoja, kidole chako kinaweza kukosea sekunde 0.2, na mchapuko wa mvutano (kasi ambayo kitu kinachoanguka huongeza kila sekunde, vitabuni kama 9.8) utakaoupata utaangukia popote kati ya 8 na 12. Ukipima mibembeo 20, kosa lile lile linagawanywa kwa 20. Mimi nilipata sekunde 40.2, yaani 2.01 kwa mbembeo, na hesabu (4π² mara urefu, gawanya kwa mraba wa muda wa mbembeo mmoja) ikatoa 9.77. Niliifanya barazani, watoto wa jirani wakihesabu kwa sauti, mmoja akaruka kumi na tatu ikabidi turudie. Jioni moja ya namna hiyo inakufundisha makosa ya vipimo kuliko kurasa ishirini za moduli. Ukitaka zaidi, phyphox ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ni programu ya bure inayogeuza vihisi vya simu kuwa vifaa vya kupimia.

Tafuta pia mtu mmoja wa kumuuliza, hata mwalimu wa sekondari ya jirani, na umpelekee picha ya ulipofikia, pamoja na mistari uliyokosea. Ukipeleka swali tupu utarudishiwa jibu tupu.

La mwisho ni ruhusa ya kazini. Tarehe za maabara zikitoka, andika barua siku hiyo hiyo. Nimeona waliosubiri wiki ya mwisho wakikuta ofisini kuna wakaguzi, au mkuu amesafiri na mhuri uko kwenye droo iliyofungwa.