Maski ya kubandua usoni: ninajibu mara moja kwa wote

Ndugu wanachama, mwezi huu nimeulizwa jambo lilelile, yaani namna ya kuitumia maski hii, hadi nimechoka, kwa hiyo ninaliandika hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku. Ninazungumzia vile vipakiti vya bei ndogo vinavyouzwa katika soko la Kenya (komine yetu, yaani sehemu ya jiji la Lubumbashi, si nchi), vyenye maski nyeusi au ya dhahabu ambayo hupakwa, hukauka, kisha hubanduliwa kama utando.

Kwanza, soma tarehe ya mwisho ya matumizi na uhakikishe kwamba kipakiti hakijatobolewa.

Pili, paka kidogo nyuma ya sikio, bandua, halafu subiri siku nzima. Ukiwashwa, mpe mbuzi kipakiti.

Tatu, nawa kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, ukaushe uso.

Nne, paka kwa unene ambao hauonyeshi ngozi chini yake, kwa sababu tabaka jembamba hukatika vipande vipande. Acha nafasi ya upana wa kidole kutoka kwenye nyusi, midomo na nywele za kipaji, na usikaribie macho kabisa.

Tano, ngoja ikauke. Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 30, lakini katika kiangazi chetu cha Juni na Julai, upepo mkavu unapopeperusha vumbi jekundu, hukauka upesi kuliko wakati wa mvua. Iguse: isiponata kidoleni, iko tayari.

Sita ni kubandua, na hapa ndipo nilipojiharibu. Nilikuwa nimepaka hadi kwenye ncha ya unyusi, nikajilaza kidogo, usingizi ukanichukua, na nilipoamka utando ulikuwa umekakamaa, umeme umekatika na maji ya moto hayapo. Badala ya kuwasha mbabula (jiko la makaa), nikavuta kwa nguvu kuelekea mbele, kama mtu anayeng'oa bango ukutani. Nilipoteza nusu ya unyusi, na shavuni pakachubuka pakaacha doa jeusi lililokaa karibu miezi miwili, kwa kuwa ngozi yetu nyeusi ikijeruhiwa, hata kidogo, huzidisha rangi mahali pale. Basi, anza pembeni, shikilia ngozi kwa mkono mwingine, na uukunje utando urudi nyuma ukiwa umelala karibu na uso, polepole. Ukisikia maumivu, acha mara moja. Kiambato kinachofanya utando katika nyingi ya maski hizi ni polivinili alkoholi, nacho huyeyuka majini; kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, kikiwekwa dakika chache, kitakamilisha kazi. Usibandue kamwe juu ya kidonda au chunusi iliyoiva.

Saba, suuza, paka mafuta mepesi, ulale. Mara moja kwa juma inatosha.

MASWALI

Swali kutoka Katuba: Niiache kwa muda gani?
Jibu: Soma hatua ya tano.

Swali kutoka Kamalondo: Mimi hutumia mafuta ya kung'arisha ngozi, na maski imenichubua. Mbona hukutuonya?
Jibu: Nimeandika kwamba ukisikia maumivu uache, na wewe umevuta hadi mwisho. Lakini ni kweli sikuyataja mafuta hayo, kwa hiyo ninayataja sasa: ngozi iliyodhoofishwa na mkorogo, au na dawa za chunusi zenye retinoidi, haifai kubanduliwa kitu chochote.

Swali kutoka Kenya: Mama, vidoa vya puani hutoka vizuri, lakini baada ya majuma machache vinarudi. Je, ninakosea mahali?
Jibu: Hukosei, mwanangu, na nimefurahi kwamba umechunguza. Vingi vya vidoa hivyo si uchafu. Ni nyuzi za mafuta na seli zilizokufa ambazo kila kitundu cha ngozi hujitengenezea, kwa hiyo ukizing'oa leo, kitundu kitajaa tena. Maski haiwezi kukifunga kitundu. Ukitaka vipungue kwa muda mrefu zaidi, tafuta katika farmasi sabuni ya uso yenye asidi ya salisiliki, ambayo huingia ndani ya mafuta yenyewe.

Swali kutoka Ruashi: Gundi nyeupe ya seremala nayo hubanduka. Si kitu kimoja?
Jibu: Hapana. Ile ni ya mbao.

Swali kutoka Kampemba: Na jelatini pamoja na maziwa?
Jibu: Hiyo ninaikubali: kijiko kimoja cha jelatini isiyo na sukari kwa vijiko viwili vya maziwa ya moto, ukoroge hadi iyeyuke. Ingoje ipoe, uijaribu ndani ya kifundo cha mkono kabla ya uso, kwa sababu ikiwa moto hunata na kuunguza kwa pamoja. Mabaki usiyamwage kwenye bomba la sinki, kwani huganda humo humo. Mimi nilimlipa fundi kwa kosa hilo.