Swingi ya gofu ya kizamani: anza na kisigino, mikono ifuate

Maelezo haya ni ya anayecheza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Swingi, yaani mzunguko wa mwili na fimbo wa kupiga mpira, ya wachezaji mashuhuri wa zamani kina Bobby Jones na Sam Snead inatofautiana na ya siku hizi hasa kwenye nyonga. Leo wengi hufundishwa kuzibana nyonga mabega yakizunguka, mwili ujisokote kama springi. Wa zamani waliziachia zigeuke, na kisigino cha kushoto kikainuka. Kwa mtu mwenye mwili mgumu njia hii ni nafuu, maana mgongo wa chini hausokotwi sana. Wala si ya wanyonge: Jack Nicklaus, mshindi wa mashindano makubwa 18, alikuwa akiinua kisigino.

Shika fimbo kwa vidole, usiizike kiganjani. Katika mshiko unaoitwa kwa jina la Harry Vardon, mchezaji mwingine wa zamani, kidole kidogo cha mkono wa kulia hulala juu, kati ya kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto. Ukitazama chini, uone vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kushoto. Misuli ikikakamaa kuanzia kiwiko kushuka, umebana mno.

Kwa fimbo ya chuma namba 7, tanua miguu kwa upana wa mabega, mpira uwe katikati au kushoto kidogo. Kwa fimbo ndefu ya kuanzia, uwe sambamba na kisigino cha kushoto. Unyayo wa kushoto utazame nje kama nyuzi 20. Inama kwenye maungio ya nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, na mikono ining'inie yenyewe chini ya mabega.

Sasa kurudisha fimbo nyuma. Mabega, mikono na fimbo vianze kwa pamoja, kichwa cha fimbo kikiambaa na ardhi kwa sentimita 30 hivi. Nyonga hufuata, goti la kushoto linaingia ndani, nalo ndilo linalovuta kisigino juu sentimita 2 au 3. Hapa ndipo wengi huharibu: huinua kisigino kwa makusudi, mwili mzima ukapanda, kisha fimbo ikaupiga mpira kichwani. Kisigino kivutwe, kisinyanyuliwe. Usipogeuka kiasi cha kukivuta, kiache chini.

Ukifika juu, mabega yawe yamegeuka karibu nyuzi 90, nyonga 45 au zaidi kidogo, na mgongo uitazame shabaha. Uzito uwe upande wa ndani wa unyayo wa kulia. Ukiusikia kwenye ukingo wa nje, umeyumba badala ya kugeuka. Kosa la kinyume ni baya zaidi: uzito unabaki kushoto wakati fimbo inapanda, halafu unaangukia kulia wakati wa kupiga.

Kushuka huanzia chini. Kisigino kirudi palepale kilipotoka, mikono ikiwa bado inamalizia kupanda. Nyonga zifunguke, mabega yafuate, kisha mikono, na fimbo iwe ya mwisho. Kiwiko cha kulia kitashuka chenyewe kuelekea mbavu.

Mabega yakitangulia, fimbo hutupwa nje na kuukata mpira kutoka nje kwenda ndani. Uso wa fimbo ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia kulinganisha na njia hiyo, mpira hupinda kulia. Mchezaji huona dawa ni kulenga kushoto, ambayo huzidisha ukataji uleule. Viwiko vya mkono vikinyooka na viungo vya kiganja vikifunguka mapema, fimbo huchimba ardhi kabla ya kuufikia mpira. Kwa fimbo za chuma, mpira upigwe kwanza. Kipande cha nyasi kitoke mbele ya pale ulipokuwa.

Zoezi zuri ni hili: simama miguu imekaribiana, fimbo namba 7 mkononi, bila mpira. Rudisha fimbo nyuma, na kabla haijafika juu piga hatua ya kushoto kwa mguu wa kushoto, ndipo ushushe. Rudia mara 10 polepole, kisha weka mpira na upige kwa nusu ya nguvu. Baada ya kila pigo ganda ulivyo: kitovu kitazame shabaha, kisigino cha kulia kiwe juu, uzito wote kushoto. Ukishindwa kusimama hivyo kwa sekunde 3, punguza mwendo kabla ya kubadilisha kitu kingine.