Toyota 86 inagongagonga mbele: msake mchawi kabla ya kununua shokomzoba

Toyota 86, au pacha wake Subaru BRZ, ikianza kulia "kakakaka" kwenye barabara mbovu, ushauri wa kwanza utakaopewa kwenye gereji nyingi Nairobi ni kubadilisha shokomzoba zote mbili. Usitoe pesa bado. Shokomzoba iliyokufa huvuja mafuta au huliacha gari likinesanesa baada ya tuta. Mlio mkavu, wa haraka, unaotokea gari likienda polepole, mara nyingi hutoka kwenye kitu kidogo kilicholegea.

Andaa jeki, stendi mbili imara, spana za 14, 17 na 19, eleni ki, mtaimbo mdogo, tochi na spana ya kupimia mkazo, ile inayolia "tiki" ikifika kipimo.

1. Ondoa visingizio

Toa kila kitu kwenye buti, pamoja na jeki ya gari yenyewe. Ekzosi ikiwa imepoa, gonga mabati ya kukinga joto kwa ngumi; lililoachia bolti utalisikia papo hapo. Kisha pita penye mlio ukiwa umegusa pedali ya breki kidogo tu. Mlio ukikatika, angalia pedi, vibati vyake na pini za kalipa, na saspenshoni uiache kwanza. (Sauti ya nyenje kwenye injini ikiunguruma gari limesimama ni ya pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Magari haya yanajulikana kwa hilo, na halihusiani na kazi hii.)

2. Tumia matuta

Tafuta barabara ya ndani ya mtaa, South C au Buruburu hayakosekani, yenye tuta na ukuta wa mawe kando. Fungua dirisha, ukuta utakurudishia sauti. Pita kwa kilomita 10 hadi 15 kwa saa, kwanza magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda pamoja, kisha kwa mshazari, moja baada ya jingine.

Magurudumu yakipanda pamoja, stabilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia) haijikunji, kwa hiyo linki zake, vifimbo vifupi vya kila mwisho wake, hazibebi mzigo mkubwa. Likipanda moja tu, linki hubebeshwa. Mlio wa mshazari pekee, basi, unakuelekeza kwenye linki au bushi za stabilaiza. Kishindo kimoja kizito unapokanyaga au kuachia breki kinaelekeza kwenye bushi za mkono wa chini. Mkwaruzo au mruko wa springi unapozungusha usukani gari limesimama: maunti ya juu, yaani kishikio cha kichwa cha shokomzoba.

3. Kagua linki, lakini si kwa jeki moja

Hapa ndipo wengi hupotea. Ukiinua gurudumu moja, stabilaiza hujikunja na kuivuta linki, na ulegevu wote hufichika. Fundi anaitikisa, anaona imekaza, anakwambia ni nzima. Inua mbele yote sawasawa na uiweke kwenye stendi, au bora zaidi panda rampu ili magurudumu yabaki na uzito. Shika linki karibu na boljointi (kiungo cha gololi kilicho mwishoni mwake), isukume na kuivuta kwa nguvu. Ukihisi "tk" kidogo kwenye vidole, imekwisha, hata kama mpira wake haujapasuka.

4. Ukibaki na shaka, zifungue

Toa kabisa linki zote mbili za mbele. Usiiache moja ikining'inia karibu na mpira wa breki. Rudi kwenye tuta lile lile, polepole. Gari litalala sana kwenye kona, kwa hiyo usithubutu kuingia nalo barabara ya kasi kama Thika Road. Mlio ukipotea, umempata. Ukibaki, rudisha linki na uhamie kwenye maunti na bushi.

5. Kufunga mpya

Nati ikizunguka na mhimili wake, shika mhimili kwa eleni ki na uzungushe nati kwa spana ya mkono. Bunduki ya upepo huzungusha boljointi ndani na kuchana mpira wake. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji huwa na kutu chini. Pulizia dawa ya kulegeza kutu na usubiri.

Ukienda kununua spea Kirinyaga Road, beba linki ya zamani. Linganisha urefu kutoka katikati ya boljointi moja hadi nyingine. Kisha inamisha mpya: boljointi ikianguka yenyewe kama mkono wa mlevi, irudishe kaunta. Ya ex-Japan, yaani iliyokwisha kutumika, usinunue, hiki ni kitu kinachoisha kwa matumizi. Nunua jozi na utumie nati mpya.

Kama gari lilikuja na koilova

86 nyingi za mtumba hufika zikiwa zimeshushwa kwa koilova, yaani shokomzoba na springi zinazorekebishika kimo. Angalia pete za kufungia: zikilegea, springi hugonga kiti chake kila gurudumu linaposhuka. Zikaze kwa spana ya ndoana. Maunti za juu zenye gololi ya chuma hazipendi vumbi la marami. Mtu mmoja atikise gari huku mwingine ameweka kidole juu ya maunti chini ya boneti. Mguso wa "tk" ni wa kubadilisha, grisi haitaokoa. Nati ndogo tatu za hapo usizikaze kwa nguvu za nati ya gurudumu, utakata bolti.

Kukaza na kumalizia

Bolti za bushi za mkono wa chini zikazwe gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira utabaki umejikunja kila siku na utachanika mapema. Nati za magurudumu ni Nm 120. Zipime tena baada ya kama kilomita 100.

Kubadilisha linki hakuhitaji alaimenti. Ukifungua bolti mbili zinazoshika shokomzoba kwenye gurudumu, kamba (mwinamo wa gurudumu) imehama: nenda ukapimishe.